Baa za protini mlimani: zipi zinamezeka, zipi zinarudi Goma mfukoni?

Mpanda_Kibati (mwanzisha uzi)

Jambo wakubwa kwa wadogo. Uzi huu niliwaahidi wenzangu wa kutembea milimani tangu zamani, sasa naumwaga wote hapa ili nisiulizwe tena kila Jumamosi tukiwa kwenye foleni ya mpakani.

Swali huwa ni lile lile: "Papa, ninunue baa gani ya protini kwa ajili ya mlima?" Nyiragongo wenyewe, volkano yetu ya Goma, haujapokea watalii kwa muda sasa, kwa hiyo wengi wetu wa Goma tunavuka ng'ambo, Rwanda. Kuna Bisoke (mita 3,711), kuna Karisimbi (mita 4,507) kwa wenye mapafu, na wenye likizo ndefu wanashika ile njia ya Congo-Nil inayofuata ziwa kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227. Hata hivyo mifano yangu mingi ni ya Nyiragongo, maana huo ndio miguu yetu inaujua. Unaanzia Kibati karibu mita 2,000, unamalizia ukingoni mita 3,470. Kilomita nane tu, ila ni za kupanda mwanzo mwisho, juu ya mawe ya lava yanayokimbia chini ya kiatu.

Msimamo wangu nautanguliza, wa kunipiga mawe anipige mapema: mlimani ladha inatangulia lishe. Baa inayokushinda kumeza ukiwa mita 3,000 ina protini sifuri, hata karatasi ikiandika 20.

Sababu iko wazi kwa aliyefika. Kule juu unapumulia mdomo, mate yanakauka, hamu ya chakula inapotea. Halafu kuna baridi. Usiku pale ukingoni joto linakaribia nyuzi sifuri. Baa nyingi za protini ni unga wa maziwa au wa soya ulioshikizwa kwa sharubati. Zikikaa sana stoo, ule unga unaendelea kunyonya maji na kushikamana, baa inakauka polepole ndani ya karatasi yake bila wewe kujua. Hizi zinazotufikia zimeshapita meli, lori na ghala, nyingine zimebakiza miezi michache ya kuishi. Ukiipeleka kwenye baridi, baridi inamalizia kazi. Kuna moja niliitoa begani pale juu ikawa ngumu kama ubao wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Niliiweka kwapani, chini ya koti, nikasubiri. Jino lilipoingia, kipande kilikatika na vumbi jeupe likanimwagikia kwenye ndevu, na mdomoni kikazunguka tu, hakishuki, mpaka nilipokifuata na maji. Maji yenyewe ya kubeba mgongoni tangu Kibati! Baa inayokunywesha nusu chupa ili ishuke imeshakuibia.

Sasa kwa majina. Hizi tunaletewa na ndugu wa Ulaya na Marekani, au mtu akishuka Kigali anazichukua. Hapa mjini zipo siku moja, siku ya pili hazipo.

Clif. Gramu 68, kalori kama 250, protini karibu gramu 10. Ilianza Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya waendesha baiskeli, na ukiitafuna unaelewa: ni oti, sharubati na vipande unavyoviona kwa macho. Ile ya siagi ya karanga ndiyo ninayoikubali. Inabaki laini hata kwenye baridi kiasi, na ina chumvi kidogo inayokata utamu. Za chokoleti zinanichosha, nusu ya kwanza tamu, nusu ya pili naitafutia mtu wa kumpa. Ila tuseme ukweli wake: hiyo ni baa ya nguvu, protini imekuja kusindikiza.

RXBAR. Gramu 52, protini 12, kalori 200 na kidogo. Ute wa mayai, tende, karanga au lozi, basi. Viungo vimeandikwa mbele ya karatasi kwa herufi kubwa, jambo ninaloliheshimu. Ladha ni ya tende, utake usitake. Inanata menoni. Wenye jino bovu wakae mbali nayo, hasa juu ambako baridi inaifanya ivutike zaidi.

Quest. Gramu 60, protini kama 20, kalori 190 hivi, sukari gramu moja tu, na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 10. Kwa karatasi hii ndiyo bingwa. Mdomoni ni nzito, na ule utamu usio wa sukari unabaki nyuma ya ulimi. Mtu wa jimu anaipenda kwa sababu hataki kalori. Wewe unayepanda mlima unazitaka kalori! Umelipa pesa nyingi kununua chakula kilichopunguzwa kile unachokihitaji.

Na sasa wengine watacheka: Snickers. Gramu 50, kalori karibu 250, protini 4. Kama kazi ni kukufikisha juu, inazipiku nyingi zenye jina la protini, na ukiikosa soko la Virunga hapa mjini utaipata Birere.

Kanuni ya kusoma karatasi: chukua gramu za protini, zidisha kwa 4, gawanya kwa kalori zote. Ulaya sheria inasema ili uandike "protini nyingi" lazima ifike asilimia 20 ya nguvu yote, na ili uandike "chanzo cha protini" asilimia 12. Quest inapita 40. Clif inazungukia 16. Snickers inaishia 6. Halafu angalia protini yenyewe imetoka wapi. Ukiona kolajeni au jelatini ndiyo ya kwanza kwenye orodha, namba kubwa ya mbele isikubabaishe. Inakosa kabisa triptofani, moja ya matofali ya protini, na mwili hauwezi kujenga misuli kwa tofali moja likikosekana.

Tujadiliane. Wenye uzoefu wa Kahuzi nao waje.

---

Chukudu_Turbo

Papa Mpanda, uzi mrefu kuliko mlima. Mimi mtu wa Ndosho, naomba jibu fupi: hiyo Plumpy ya karanga inayouzwa sokoni kwa siri haifai? Kalori 500, tamu, inafyonzwa kwenye pakiti bila hata kuvua glavu.

---

Mzee_Mbeba_Mizigo

Wanangu, shikamoni si yangu kusema, mimi ndiye mzee hapa, kwa hiyo nawasalimu tu.

Nimebeba mizigo ya watalii kwenye mlima ule miaka mingi. Hizo baa nimezila nyingi kuliko ninyi, kwa sababu mtalii akishindwa kumaliza anampa mbebaji. Na akishindwa, jueni haikuwa njaa iliyokosekana, ni baa. Tulikuwa tunajua mapema nani atatupa nini. Wenye zile za njugu nzima nzima, zenye asali, hawakutupa kitu. Wenye zile laini zilizopakwa chokoleti na kuandikwa namba kubwa, wakifika kituo cha tatu wanaanza: "Papa, unapenda chokoleti?"

Sisi tulipanda na nini? Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, kipande cha bugali la jana na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga, chapati kwa mwenye bahati. Na fromaji (jibini) ya Masisi. Fromaji ile haina mpinzani kule juu. Baridi haiifanyi kitu, haichafui mfuko, na ukila na ndizi mbivu unashiba mpaka chini.

Tena kuna mmoja alikula baa mbili mfululizo za "bila sukari", jina la kampuni silitaji. Tulisimama kila baada ya kona. Karatasi za chooni ziliisha kabla ya kufika vibandani.

---

Dada_Lishe

Shikamoo Mzee. Hilo la kona nakueleza: ni maltitoli na ndugu zake. Zinatia utamu, ila utumbo hauzinyonyi vizuri. Zinabaki ndani, zinavuta maji, bakteria wanatengeneza gesi. Ulaya chakula chenye zaidi ya asilimia 10 ya sukari za aina hiyo lazima kiandikwe onyo kwamba ukizidisha kinaendesha. Onyo lipo nyuma, herufi ndogo, watu wanasoma mbele. Na mwinuko peke yake unaongeza gesi, maana shinikizo la hewa likishuka kilichomo tumboni kinatanuka, sawa na pakiti za chipsi zinavyovimba mkifika juu. Madaktari wa Marekani waliliandikia jarida la tiba jambo hili mwaka 1981 baada ya kupanda milima ya Colorado, kwa hiyo wanaolala watano kwenye kibanda kimoja wasilaumiane.

Sasa Chukudu, kaka yangu, kaa chini tuongee.

Plumpy'Nut ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996. Pakiti ni gramu 92, kalori 500, protini karibu gramu 13. Siagi ya karanga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Haihitaji maji wala kupikwa, haiharibiki upesi, ndiyo maana mama anaweza kumtibu mtoto nyumbani au kambini badala ya kulazwa. Kwa karatasi, ndiyo, ni chakula kizuri cha mlimani kuliko nusu ya hizo baa za Papa Mpanda. Lakini ile ni dawa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali wa miezi 6 hadi miaka 5 anapewa kwa hesabu ya uzito wake, wiki baada ya wiki, na pakiti zinahesabiwa. Ile uliyoinunua sokoni ilitoka kwenye hesabu ya mtoto fulani. Najua mama mwingine anaiuza ili anunue unga wa familia nzima, huyo simhukumu. Wewe mwenye buti za dola mia moja nakuhukumu.

---

Chukudu_Turbo

Nimepokea, dada. Nimeshaitoa begani.

(Buti ni za caguwa, mitumba, lakini.)

---

Bkv_Bambou

Salamu kutoka Bukavu. Naunga mkono Papa Mpanda kwenye ladha, namkatalia kwenye Snickers.

Kahuzi (mita 3,308) si kama mlima wenu. Huku kuna mianzi, tope na mvua. Unatumia mikono kama miguu, kila kitu kinaloa. Kinachonisumbua ni kufungua. Karatasi ya plastiki yenye mafuta ya chokoleti, vidole vyenye tope na baridi, unaikata kwa meno, kipande cha karatasi kinaanguka msituni na mlinzi anakutazama. Kwa hiyo mimi kigezo cha kwanza ni karatasi: ina mkato? Inafunguka kwa mkono mmoja? Nyumbani nazifungua zote, nazikata vipande vya kumeza mara moja, naviweka kwenye kopo dogo lenye mfuniko. Snickers ukiikata hivyo inakuwa donge moja. Clif inakubali. Za oti kavu, zile zinazomeguka, ukizigusa tu kopo lote ni makombo, ila makombo hayo ukiyamwagia maziwa ya unga jioni ni uji.

Swali kwa Dada Lishe: protini inahitajika kiasi gani hasa? Maana huku vijana wanakula baa nne kwa siku, wanasema "misuli".

---

Dada_Lishe

Mtu mzima asiye na kazi nzito, gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wanamichezo wanashauriwa kati ya 1.2 na 2. Chukua mtu wa kilo 70 anayepanda, mpe 1.2 mpaka 1.6, ni gramu 84 hadi 112 kwa siku nzima. Siku nzima, si njiani.

Njiani misuli inachoma wanga na mafuta. Kwenye safari ya saa nyingi tunashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina 27. Baa yenye protini 20 ukiila katikati ya mpando mkali inakaa tumboni, damu iko miguuni, ndipo kichefuchefu kinakuja na mtu anasema ni mwinuko. Protini uile jioni ukifika, na asubuhi kabla ya kuondoka. Fromaji ya Mzee gramu 100 ina protini kama 25. Mayai mawili, 12. Karanga gramu 100, kama 26 na kalori 560 na zaidi. Sambaza zilizokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, baa chache sana zinazozifikia, ingawa kibandani wenzako watakuhama kwa harufu.

Msisahau chumvi. Mtu anatoka jasho kutoka Kibati mpaka juu halafu anakula vitamu tu.

---

Mpanda_Kibati

Bambou, hilo la karatasi ni la maana, naliongeza kwenye vigezo. Mzee, aksanti sana, kituo cha tatu umenichekesha kwa sababu ni kweli tupu.

Kwenye fromaji na sambaza sina ubishi. Tena juu ya mita 3,400 maji yanachemka kama nyuzi 88, maharage yatakushinda usiku kucha, kwa hiyo chakula kilichokwisha kuiva nyumbani ndicho chakula. Ila wenzangu, tusigeuze uzi kuwa "cha kwetu kinashinda kila kitu". Karanga zetu zikihifadhiwa kwenye unyevu zinaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na huioni wala huisikii kwenye ulimi kila mara. Baa ya kiwandani angalau imepimwa. Mimi nataka kitu kinachoingia mfukoni kama baa, chenye ladha ya nyumbani. Mama Ufuta, wewe unayetengeneza, toa siri.

---

Mama_Ufuta

Siri gani, papa, nilishawapa bure wanawake wote wa Majengo.

Karanga gramu 200, zikaange taratibu, zimenye, chagua kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye doa, tupa, usionee huruma. Zitwange nusu nusu, zisiwe siagi. Unga wa soya gramu 100, na soya lazima ikaangwe kabla ya kusagwa, ile mbichi inazuia tumbo kusaga protini na ladha yake ni ya majani. Oti gramu 100, pitisha kwenye sufuria kavu mpaka inukie. Ufuta gramu 50. Chumvi, kijiko kidogo kisichojaa.

Asali gramu 150, iweke motoni peke yake. Hapa ndipo watu wanaharibu. Ikianza povu subiri, koroga, dondoshea tone kwenye kikombe cha maji baridi. Tone likitawanyika bado. Likijikusanya chini likawa laini ukilibonyeza, toa. Ukingoja likawa gumu, baa zako zitavunja meno ya watu. Mimina kwenye mchanganyiko ukiwa bado wa moto, koroga kwa nguvu, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, kandamiza kwa chupa. Kata kabla haijapoa kabisa, vipande kumi.

Dada Lishe alinipigia hesabu: kila kipande kama gramu 60, protini karibu 11, kalori 270 hivi. Funga kwenye karatasi ya mkate. Zinakaa wiki mbili bila shida, zaidi ya hapo mafuta ya karanga yanaanza kunuka.

---

Mzee_Mbeba_Mizigo

Hizo za Mama Ufuta hakuna mtalii angenigawia.

---

Bkv_Bambou

Mama, soya na oti pamoja na karanga umepatia. Nafaka ina upungufu wa lisini, tofali jingine la protini, soya inaifidia. Hata uji wa sosoma (soya, mtama na mahindi) unatembea kwa akili hiyo hiyo. Bei je, ukilinganisha?

---

Mama_Ufuta

Pesa ya baa moja ya Marekani inakaribia kilo ya karanga, mwanangu. Asali ndiyo inakula pesa. Wengine wanaweka sukari nusu, inashika vizuri tu, ila kwenye baridi inakuwa ngumu haraka kuliko asali.

---

Terili_LShi

Yaya na bakubwa wote wa Kivu, mimi niko Lubumbashi, msinicheke. Mlima wetu ni terili, kile kilima cha mabaki ya madini ya kampuni ya Gécamines, na hata huo haupandwi! Lakini tunatembea Kundelungu, kwenda kuona maporomoko ya Lofoi, na shida yetu ni kinyume cha yenu. Mwezi wa kumi joto linaua. Baa yoyote yenye chokoleti inafika ikiwa supu, unailamba kwenye karatasi. Nifanyeje?

---

Mpanda_Kibati

Karibu, ndugu wa shaba. Chokoleti inalegea ikikaribia nyuzi 34, na begi jeusi juani linapita hapo bila wasiwasi. Kwa hiyo kwako achana na zote zilizopakwa. Chukua za njugu na tende, au Clif isiyo na chokoleti, na uziweke katikati ya begi ndani ya nguo, mbali na mfuko wa juu. RXBAR ambayo huku inatung'oa meno, kwenu nadhani itakuwa laini sawasawa. Na kwa jua hilo ongeza cha chumvi, karanga za kukaanga zenye chumvi zinatosha, kwa sababu mtu akishakunywa lita na lita hataki tena kitamu.

---

Mama_Ufuta

Mwana wa Lubumbashi, wewe usitie asali nyingi, punguza mpaka gramu 120 na uiache motoni kidogo zaidi, la sivyo kwa joto hilo zitajifungua zenyewe. Na ufuta ongeza.

---

Terili_LShi

Aksanti mama. Oti huku ninayo, soya ninayo. Nikikosa karanga naweza kuweka korosho?

---

Mama_Ufuta

Weka, kama baba yako ni mchimbaji mwenye leseni. Karanga, mwanangu. Nenda sokoni asubuhi.